Madaftari Mawili ya Mtunzi wa Nyimbo

Juu ya meza ninayotungia nyimbo kuna madaftari mawili. La kwanza limechakaa, limejaa mistari iliyofutwa, mishale inayohamisha beti kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, na maneno ambayo leo sikumbuki hata nilikusudia kuyatumia wapi. La pili ni safi kupita kiasi: kurasa zimepigwa mistari kwa rula, na kila ukurasa una wimbo mmoja, jina lake, tarehe niliyoumaliza, majina ya walioutunga pamoja nami, sehemu ya kila mmoja, nani aliurekodi na kwa masharti gani. Kwa miaka mitano ya mwanzo nilikuwa na daftari la kwanza peke yake, na nilijiona mtunzi kamili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo niliujua tangu utotoni bila kuwahi kufikiri kwamba wimbo nao ni mali.

Mtunzi huru, kwa maana ninayoitumia hapa, ni mtu anayetunga nyimbo bila kufungwa na lebo wala kampuni ya uchapishaji wa muziki, yaani ile inayosimamia haki za nyimbo na kukusanya malipo yake, kisha yeye mwenyewe akatafuta waimbaji wa kuziimba, akazisajili, akatoa ruhusa za kuzitumia na kufuatilia malipo yake. Mimi siimbi mbele ya watu. Sauti yangu inatosha kurekodi demo ya kumwelekeza mwimbaji, na haivuki hapo. Jina langu halionekani kwenye mabango, na jambo hilo halinisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni dhana, ambayo hata mimi niliishi nayo kwa muda mrefu, kwamba kuwa huru ni kutokuwa na mkubwa wa kukuamuru. Kutokuwa na mkubwa ni jambo rahisi; hata asiye na kazi hana mkubwa. Uhuru wa mtunzi naupima kwa kitu kingine: nikiulizwa leo kuhusu wimbo wowote niliowahi kuutunga, je, ninaweza kusema uko wapi, uko mikononi mwa nani, kwa masharti gani, na utarudi kwangu lini?

Nianze na daftari la kwanza, kwa kuwa bila hilo la pili halina cha kuandikwa.

Nilipoanza, nilitunga kwa kuifuata sauti. Nilipata kiitikio kwa kuimba silabi zisizo na maana juu ya gitaa, kisha nikatafuta maneno ya kuzijaza. Njia hiyo ni nzuri na bado ninaitumia, lakini inaficha mtego ambao kila anayetunga kwa Kiswahili hukutana nao mapema au baadaye. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa kwa maneno machache ya mkopo, na muziki nao una mapigo yake mazito na mepesi. Pigo zito la muziki likiangukia silabi isiyo na mkazo, msikilizaji husikia kwamba neno limepinda hata kama hajui sababu. Wakati mwingine haliishii kupinda tu. Neno "barabara" likikazwa kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari, na likikazwa kwenye silabi ya pili ni sawasawa, kama ipasavyo. "Walakini" nalo hugeuka kutoka kiunganishi kuwa dosari kwa kuhamishiwa mkazo tu. Niliwahi kumpa mwimbaji mstari uliokusudiwa kusema kwamba mpenzi wake anamfahamu barabara, na kwa jinsi nilivyoupangia melodi ukasikika kana kwamba mpenzi huyo ni dereva wa masafa marefu. Tulicheka studio nzima, lakini gharama ya saa zile ilikuwa juu yangu.

Jambo hilohilo ndilo linaloufanya ubeti wa pili uwe mgumu kuliko wa kwanza. Mtu huhesabu silabi za ubeti wa kwanza, akaandika wa pili wenye idadi ileile, akashangaa kwa nini hauimbiki. Sababu ni kwamba viambishi vya Kiswahili vinauhamisha mkazo: katika "penda" umo kwenye "pe", ukisema "pendana" umehamia kwenye "nda", na ukisema "pendaneni" umehamia kwenye "ne". Idadi ya silabi inaweza kulingana katika mistari miwili na mkazo ukawa umekaa mahali tofauti kabisa. Siku hizi, kabla sijamwimbia mtu yeyote ubeti wa pili, ninausoma kwa sauti ya mazungumzo huku nikipiga meza kwa kidole mahali panapokaa pigo zito. Maneno na kidole vikigombana, ninaandika upya mstari wote badala ya kuubana.

Kuna pia silabi zisizo na irabu. Katika maneno kama "mtu", "mti" na "nchi", ile m au n ya mwanzo ni silabi kamili yenye mizani yake, na kwa kuwa ni ya pili kutoka mwisho, ndiyo inayobeba mkazo wa neno. Mshairi anayeandikia karatasi huihesabu na kuendelea na safari yake. Mtunzi wa wimbo hana budi kujiuliza mwimbaji ataishikiliaje noti ndefu ya juu akiwa amefunga midomo. Nimeona waimbaji wenye sauti kubwa wakigeuza "mtu" kuwa "umtu" au "mutu" ili wapate pa kuegemea, na sikuweza kuwalaumu, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Vina ndivyo vinavyodanganya zaidi. Kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na vitenzi vingi huishia kwa a, mtu anaweza kuandika mistari kumi inayofanana miisho bila kutoa jasho, akadhani ametunga. Washairi wa jadi waliliona hilo zamani. Ndiyo maana kina katika ushairi wa arudhi ni silabi nzima, konsonanti pamoja na irabu yake, na mshororo wa mizani 16 hugawanywa katika vipande viwili vya mizani 8, kila kipande kikiwa na kina chake. Sidai kwamba wimbo wa leo ufuate arudhi hiyo, na nyingi nilizojaribu kuzibana humo zilisikika kama risala. Hata hivyo, kwa mwaka mzima nilijilazimisha kutunga tarbia moja kila Jumatatu, na zoezi hilo lilinifunza kitu ambacho hakuna gitaa lingenifunza: kutafuta neno la pili, la tatu na la nne kabla ya kuridhika. Neno la kwanza linalokuja lenye kina kinachofaa huwa ndilo lililokwisha kumjia kila mtu.

La mwisho kuhusu daftari hili ni kwamba lina vianzio vingi kuliko nyimbo. Kuanza wimbo ni starehe, na kuumaliza ndiyo kazi. Nilijiwekea sharti kwamba sianzi wimbo wa tatu kabla ya mmoja kati ya miwili iliyotangulia kukamilika, hata kama utakamilika vibaya, kwa sababu wimbo mbaya uliokamilika unaweza kurekebishwa, lakini kiitikio kizuri kisicho na beti hakimwingizii mwimbaji wala mtunzi chochote.

Sasa nieleze jinsi daftari la pili lilivyozaliwa.

Katika mwaka wangu wa tano wa kutunga niliitwa studio usiku na prodyuza mmoja tuliyekuwa tukifahamiana. Alikuwa na biti iliyokamilika, mwimbaji alikuwa na beti mbili, na kiitikio kilikuwa kimewashinda wote wawili tangu mchana. Nilikaa pembeni na simu yangu, nikajirekodi nikiimba kwa sauti ya chini, na kabla ya saa moja kupita nikawa nimewapa melodi na maneno ya kiitikio ambayo, niseme bila kujisifu, bado ni miongoni mwa mambo bora niliyowahi kutunga. Tulifurahi, mwimbaji akarekodi palepale, tukaagana kama ndugu. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Kuomba karatasi usiku ule kungeonekana kama kumtuhumu mwenyeji wangu wizi mbele ya mgeni wake.

Wimbo ulitoka baada ya miezi minane na ukapigwa kila mahali. Orodha ya watunzi ilikuwa na majina manne, mawili yakiwa ya watu ambao hawakuwamo chumbani usiku ule, na langu halikuwemo. Nilipompigia prodyuza, hakukataa kwamba nilikuwapo. Alisema tu kwamba "ulitusaidia". Neno hilo ndilo lililoniuma kuliko hasara yenyewe, kwa sababu lilikuwa la upole na lilikuwa limefunga mlango. Ilinichukua miezi 14 ya barua na vikao, nikiutumia ushahidi wa pekee niliokuwa nao, yaani ile rekodi ya simu yenye tarehe na saa, hadi nikakubaliwa asilimia 15 ya utunzi kuanzia siku ya makubaliano. Yaliyolipwa kabla ya siku hiyo hayakurudi. Chelewa chelewa, wasemavyo, utakuta mwana si wako.

Wengi walionisikia nikisimulia kisa hiki waliniambia kosa langu lilikuwa kutosajili wimbo. Hiyo si sahihi kabisa. Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, ambao nchi nyingi za dunia ni wanachama wake, unataka hakimiliki ilindwe bila sharti la kusajiliwa kwanza, na unaweka kiwango cha chini cha ulinzi kuwa maisha ya mtunzi pamoja na miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi zimeongeza hadi miaka 70. Kwa hiyo haki nilikuwa nayo tangu nilipofumbua mdomo usiku ule. Nisichokuwa nacho ni maandishi yanayoonyesha haki hiyo ni ya nani na kwa kiasi gani, na pesa za nyimbo hufuata maandishi, hazifuati haki.

Baada ya hapo nilijifunza kwa uchungu jambo ambalo lingepaswa kuwa somo la kwanza: wimbo uliorekodiwa ni mali mbili. Kuna utunzi, yaani melodi na maneno, ambao ungekuwapo hata kama hakuna mtu aliyewahi kuurekodi. Na kuna rekodi, ambayo wenyewe huiita masta, yaani sauti ileile iliyonaswa siku ileile na watu walewale. Wimbo mmoja unaweza kurekodiwa na waimbaji kumi, zikawapo masta kumi zenye wamiliki kumi, na utunzi ukabaki mmoja. Mimi nisiyeimba ninaishi kwa mali ya kwanza peke yake, na kwa kuwa haionekani, ndiyo inayosahaulika haraka zaidi.

Malipo ya utunzi nayo yana mikondo yake, ambayo nilishindwa kuitofautisha hadi nilipoisoma historia yake. Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget alikuwa na wenzake katika mkahawa wa Les Ambassadeurs jijini Paris, wakasikia kazi zao zikipigwa pale kuwaburudisha wateja, na walipoletewa hesabu wakakataa kulipa kwa hoja kwamba mkahawa nao haukuwalipa muziki wao. Shauri lilifika mahakamani, watunzi wakashinda, na mwaka 1851 ikazaliwa SACEM, shirika la watunzi la Ufaransa ambalo lipo hadi leo. Mrabaha, yaani malipo ya mtunzi kazi yake inapotumika, una mkondo wa kwanza wa maonyesho. Huo unaolipwa na redio, televisheni, kumbi na sehemu za biashara unatokana na ugomvi wa aina ile, na kwa kuwa hakuna mtunzi anayeweza kuzunguka kila ukumbi kudai chake, mashirika ya kukusanya mirabaha yanafanya hivyo kwa niaba ya wote. Mkondo wa pili ni wa kunakili. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba karatasi zilizotobolewa za kuendeshea piano zinazojipiga zenyewe hazikuwa nakala za utunzi, kwa kuwa binadamu hawezi kuzisoma kwa macho. Mwaka uliofuata bunge la nchi hiyo likatunga sheria ya kuwalipa watunzi senti 2 kwa kila nakala ya kimashine, na kiwango hicho hakikuguswa hadi mwaka 1978. Mashine zile zimekwisha, lakini mrabaha huo umebaki, na leo wimbo ukisikilizwa katika jukwaa la intaneti sehemu ya malipo ya mtunzi huhesabiwa kuwa ya maonyesho na sehemu nyingine ya kunakili, na mara nyingi hupitia taasisi mbili tofauti. Mtunzi aliyejiunga na moja tu hulipwa nusu ya safari bila kujua. Mimi nilikuwa hivyo kwa miaka mitatu. Mkondo wa tatu ni leseni ya kuuweka wimbo katika filamu au tangazo, ambao hauna kiwango, ni mapatano tu, na huhitaji ruhusa ya mwenye utunzi na ya mwenye masta pia.

Karatasi ninayoitembeza siku hizi ni ukurasa mmoja. Ina jina la wimbo, tarehe, majina kamili ya kisheria ya waliotunga, asilimia ya kila mmoja, na sahihi. Hujazwa kabla mtu yeyote hajatoka mlangoni, wakati kila mmoja bado anakumbuka nani alileta nini na hakuna anayejua kama wimbo utapendwa. Mgawanyo unaojadiliwa wimbo ukiwa haujatoka huchukua dakika kumi. Unaojadiliwa baada ya wimbo kupendwa huweza kuchukua maisha ya urafiki. Kuhusu hesabu yenyewe, wapo wanaohesabu mistari na wapo wanaogawana sawa. Mimi ni wa kundi la pili, kwa sababu nimeona vikao ambamo mtu alipigania neno bovu libaki ili tu asilimia yake isipungue, na wimbo ukaumia. Prodyuza aliyeleta biti yenye mpangilio wake wa sauti (chords) na melodi zake ni mtunzi mwenzangu, na ninamhesabu hivyo. Aliyekodi chumba, aliyeleta mwimbaji au mwimbaji maarufu anayedai sehemu ya utunzi kwa kuwa tu atauimba, hao ninawaheshimu kwa njia nyingine. Ombi hilo la mwisho huja mara nyingi kuliko mnavyodhani, na sitawadanganya: mara mbili nimelikubali, nikijua ninachofanya, kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Niliandika asilimia niliyotoa na sababu yake, ili angalau daftari lisinidanganye baadaye.

Kisha huja kazi ya kusajili utunzi katika shirika la mirabaha, kazi isiyo na ladha yoyote. Utunzi hupewa namba ya ISWC, ambayo huanza na herufi T na kufuatiwa na tarakimu kumi. Kila rekodi nayo hupewa namba ya ISRC yenye herufi na tarakimu 12. Namba hizo mbili zisipounganishwa, mfumo unajua kwamba rekodi fulani imesikilizwa lakini haujui ni utunzi wa nani, na pesa hukaa katika mfuko wa zisizo na mwenyewe hadi muda uishe na zigawiwe wengine. Nimewahi kukosa malipo ya mwaka mzima kwa sababu msambazaji wa rekodi aliliandika jina langu bila herufi moja. Tangu hapo ninatumia jina moja, kwa tahajia moja, kila mahali, na wimbo unapotoka jambo la kwanza ninalofanya ni kwenda kusoma majina. Kuusikiliza huja baadaye.

Mikataba ya kampuni za uchapishaji wa muziki nimeipata mitatu na nimesaini mmoja, wa usimamizi, ambapo umiliki ulibaki kwangu na kampuni ikachukua sehemu ya makusanyo kwa miaka mitatu. Mikataba ya aina hiyo kwa kawaida hutoza kati ya asilimia 10 na 25. Miwili niliyoikataa ilitaka nihamishe hakimiliki yenyewe kwa muda wote wa ulinzi, duniani kote, kwa malipo ya awali ambayo yangekatwa kutoka katika mirabaha yangu hadi yaishe. Malipo ya awali si zawadi, ni mkopo wenye sura nzuri. Sisemi kila aliyesaini mkataba kama huo alikosea. Kampuni nzuri inafika mahali ambapo simu yangu haifiki, na kuna waliopata waimbaji ambao mimi nitaendelea kuwasikia redioni tu. Ila huwa natafuta kwanza kipengele kinachoeleza nyimbo zinarudi lini kwa mwenyewe, na kisipokuwapo sina haja ya kusoma kurasa zinazofuata. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi mwaka 1939 wimbo uliokuja kuzunguka dunia nzima, akauachia kwa shilingi 10, akafariki mwaka 1962 akiwa maskini. Familia yake ilipata makubaliano ya malipo mwaka 2006 tu, na mlango uliowafungulia ulikuwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika himaya yake, ambayo iliwarudishia warithi haki miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Karatasi aliyoisaini mwenyewe haikuwa na mlango kama huo. Kila ninapoletewa mkataba namkumbuka mzee huyo kabla sijamkumbuka mwanasheria.

Kuhusu kuishi, nitakuwa mkweli kwa ufupi. Nilikuwa na kazi ya kuhariri hati kwa miaka tisa huku nikitunga kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja asubuhi, na sikuiacha hadi mirabaha ya mwaka mmoja ilipofikia mshahara wa miezi minane. Mrabaha ni kipato kinachochelewa: wimbo ukipigwa leo, malipo yake yanaweza kufika baada ya miezi sita, mwaka au zaidi, hasa yakivuka mipaka ya nchi. Anayeacha kazi siku wimbo wake unapovuma ataishi kwa sifa kwa muda huo wote. Ninagawa kila malipo yanayoingia katika mafungu, na fungu la miezi mitupu hutengwa kwanza. Baadhi ya wenzangu waliniona mwoga kwa kuchelewa kuacha kazi, na mmoja aliniambia mtunzi wa kweli hawezi kuandika akiwa amevaa tai. Sikuwahi kuvaa tai, lakini nilielewa. Ninachojua ni kwamba miaka ile sikulazimika kuuza wimbo hata mmoja moja kwa moja, na nyimbo tatu za miaka ile ndizo zinazonilipa zaidi leo.

Kujitangaza sina mengi ya kusema, kwa kuwa mtunzi asiyeimba hatafuti mashabiki, anatafuta waimbaji wachache wanaomwamini. Wangu ni saba. Ninawapelekea demo moja kila mmoja kwa wakati wake, isiyozidi dakika tatu, iliyopangwa katika ufunguo wa sauti yake, na nikikataliwa sijadili. Mmoja wao alikataa nyimbo 11 mfululizo na akaichukua ya 12.

Juma lililopita nilitunga na binti mmoja anayeanza, mwenye sikio kali kuliko langu na haraka kuliko zote nilizowahi kuziona. Tulipomaliza, akiwa tayari ameshika mkoba, nilitoa ile karatasi, akaiangalia kama mtu aliyeletewa hati ya mashtaka. "Kaka, huniamini?" Nikamwambia aisome kwanza. Akaisoma, akakuta nimemwandikia nusu, akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nisahihishe jina lake la pili, kwa sababu nililiandika kwa i na yeye huliandika kwa y. Tukalisahihisha, tukasaini nakala mbili. Wimbo huo sasa ni ukurasa wa 163 wa daftari la pili: jina, tarehe, watunzi wawili, asilimia 50 kwa 50. Safu ya mwimbaji iko wazi, na ya namba ya utunzi pia. Ubeti wake wa pili, katika daftari la kwanza, una mstari mmoja ambao maneno na kidole bado vinagombana, na kesho alfajiri ndio nitakaoanza nao.